Yule Asiyekumbuka

Kazi yangu ni uzamu. Nalinda nyumba moja hapa Kigobe, si mbali na Bunge, kwenye barabara ambayo magari ya wakubwa yanapita vioo vimefungwa. Nalala nyuma, kwenye boyerie, chumba kimoja. Tangu likizo ianze kijana wa dada yangu amekuja kutoka kambini kukaa na mimi (na karatasi ya ruhusa ya kutoka anayo, wakubwa wa kambi msishtuke). Ana miaka 16. Alikuja na begi moja na simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani ya simu hiyo mna anime zaidi ya nguo alizobeba.

Usiku mimi silali, ndiyo kazi. Yeye pia halali, sijui ndiyo kazi gani. Basi tukaanza kutazama pamoja ile inayoitwa Death Note, kwa Kifaransa, simu tumeiegemeza kwenye termosi ya chai. Ni kazi ya zamani kidogo, ilionyeshwa Japani kuanzia 2006 mpaka 2007, vipindi 37, lakini vijana wa kambi wanaizungumzia kama imetoka jana. Wengi wenu mnaijua. Kwa ambao hawaijui: mwanafunzi mmoja mwenye akili sana, Light, anaokota daftari lililoangushwa na mungu wa kifo. Ukiandika humo jina la mtu huku ukiujua uso wake, mtu yule anakufa. Usipoandika sababu, moyo unasimama baada ya sekunde 40. Light anaanza na wahalifu, anajiambia anasafisha dunia. Baadaye anaua hata polisi wanaomtafuta. Mpelelezi anayemwinda anaitwa L.

Jina na uso. Mtu wa kambi akisikia hapo anacheka kidogo, maana majina yetu na nyuso zetu ziko kwenye kila orodha. Lakini siyo hilo lililonifanya niandike.

Kilichonifanya niandike ni kipindi cha 24. L amemshuku Light, kwa hiyo Light mwenyewe anaomba afungwe, na akiwa ndani ya selo anaachilia umiliki wa daftari. Sheria ya daftari inasema ukiliachilia, unasahau kila kitu ulichofanya nalo. Basi uso wake unabadilika palepale. Anakuwa kijana mwingine, mpole, mwenye haya. Analia kwamba hana kosa, na halii kwa kuigiza, anaamini. Wanamwachia, anaanza kumsaidia L kumtafuta muuaji kwa moyo safi. Kuna mahali L anamwomba amchezee msichana anayempenda ili apate habari, naye anakataa, anasema si haki kutumia moyo wa mtu hivyo. Kumbe msichana huyohuyo alikuwa amemtumia vibaya kabla ya kusahau!

Halafu ndiyo kipindi cha 24. Wanamkamata mwenye daftari mpya barabarani usiku, daftari linapita mkono kwa mkono mpaka linafika kwa Light. Analishika. Anapiga ukelele. Kumbukumbu zote zinarudi kwa pigo moja, na tunajua kwamba yeye ndiye aliyepanga yote tangu mwanzo, hata kule kusahau. Kisha, palepale mbele ya L, kwa kipande cha karatasi alichokificha ndani ya saa ya mkononi, anaandika jina kwa damu yake na kuua tena.

Kijana wangu alikuwa ameshaiona, lakini aliruka kitandani kama mara ya kwanza. Mimi nilibaki na hasira.

"Mbona unakasirika, tonton?"

"Nilikuwa nimeanza kumpenda."

"Ule wa kati hana kosa," akasema. "Ni yeye, lakini haiko yeye. Hakumbuki kitu. Utamufunga mutu kwa kitu hajui?"

Tukabishana mpaka saa kumi za usiku, mpaka zamu wa nyumba ya jirani akagonga ukuta.

Mwanzoni nilibishana naye kama mtu anayebishana juu ya mpira. Nilimwambia kosa haliendi kwa sababu mwenyewe amesahau. Nchi hii iliyotupokea inajua jambo hilo. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa kwa sheria ya 2014, na mwaka 2020 ilifukua makaburi kule Karusi, karibu na mto Ruvubu, ikahesabu mabaki ya watu zaidi ya 6,000 waliouawa mwaka 1972. Karibu miaka 50. Waliochimba mashimo yale wengi wamekufa, wengine labda wamesahau kweli, uzee ni uzee. Lakini nguo zilikuwa bado mle, na miwani, na rozari. Aliyesahau hakuyaondoa yale mashimo.

"Hiyo sawa," kijana akasema, "lakini mifupa haikuambii ni nani wa kufunga."

Ana akili mtoto huyu. Kuna mwanafalsafa wa Uingereza, John Locke, aliyefikiri karibu kama yeye miaka zaidi ya 300 iliyopita. Kwake mtu ni yuleyule wa jana kwa sababu anakumbuka ya jana. Kumbukumbu ndiyo uzi unaomshona. Aliona pia tatizo: mlevi anafanya uovu, asubuhi hakumbuki, na mahakama inamwadhibu. Locke akajibu kwamba mahakama za watu hufanya hivyo kwa kuwa haziwezi kuona ndani ya kichwa cha mtu. Lakini Siku ile Kuu, siri za mioyo zitakapofunuliwa, hakuna atakayejibishwa kwa jambo asilojua lolote juu yake. Nilisoma hayo zamani, nikiwa mwanafunzi Bukavu, nikayapenda sana. Yananipa shida sasa, na nitasema kwa nini.

Jumapili moja, wiki tatu kabla ya kipindi hicho, baada ya ibada, mama mmoja alinishika mkono mlangoni. Ametoka Bukavu mwezi wa pili 2025, mji ulipoanguka. Akavuka Rusizi, akalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo pamoja na maelfu ya wengine, kisha wakampeleka Musenyi. Bujumbura amekuja kwa matibabu. Akanitazama sana.

"Wewe ni mutoto wa mwalimu. Wa Ibanda."

Nikafurahi! Mtu wa kwetu, anayemjua marehemu baba. Tukasalimiana mara tatu. Halafu akasema, bila kubadili sauti, kama mtu anayetaja soko mlilokuwa mnanunua pamoja:

"Niligonga kwenu ule usiku. Njo wewe ulinijibu."

Usiku ule ni wa 2004, mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, Bukavu ilipopigwa. Nilikuwa na miaka 19. Naukumbuka vizuri, au nilidhani. Nakumbuka tumelala chini sebuleni, baba anasali kwa kunong'ona, harufu ya mafuta ya taa, risasi zikipita juu ya mabati. Mama huyu anasema alikuja mlangoni kwetu na mtoto mgongoni, akagonga, akaita jina la baba, na sauti ya kijana ikamjibu toka ndani: hapa kumejaa, nenda kwa jirani. Kwa jirani hawakufungua. Alilala kwenye choo cha nje cha mtu. Kabla ya kufika huko risasi ilimpata. Akanionyesha mkono wa kushoto, vidole viwili havipo.

"Mutoto wangu alipona," akasema. "Sasa iko mwanaume, iko Kampala. Na wewe ulikuwa mutoto."

Sikuwa mtoto. Na hilo la kugonga silikumbuki. Nimetafuta kichwani kama mtu anayetafuta funguo, hakuna. Hakuna kugonga, hakuna sauti, hakuna mlango.

Nikamwambia: "Pole sana, mama."

Neno hilo ndilo linaloniuma. Kwa Kiswahili chetu pole unamwambia aliyepatwa. Aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka safari. Pole anaisema mtu ambaye hana mkono ndani ya jambo. Mwenye mkono anasema nisamehe. Nilichagua neno la mtu asiye na kosa, nikaenda kupanda basi.

Kwa hiyo kijana wangu alipokuwa anamtetea yule Light wa kati, alikuwa ananitetea mimi bila kujua, na hasira yangu yote ilikuwa kwamba nilitaka ashinde. Light wa kati angesema pole kwa mjane wa kila polisi aliyekufa, angeisema kwa machozi ya kweli.

Nilijaribu njia zote za kutoka. Njia ya kwanza: labda mama amekosea. Nyumbani tulikuwa wanaume wanne, sauti ya usiku si cheti, na aliyeumizwa naye husahau na kuchanganya. Ni kweli. Basi nikampigia simu dada yangu kambini, maana yeye alikuwepo. Nikamwuliza kama usiku ule kuna mtu aligonga. Alinyamaza mpaka nikafikiri uniti zimekwisha. Kisha akasema: "Kwa nini unauliza leo?"

Miaka yote hiyo yeye alikuwa anajua. Alinibebea.

Njia ya pili: kusahau kwangu si kama kwa Light. Yeye alipanga, mimi sikupanga. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko pote. Tangu nifike Burundi nimeusimulia usiku ule mara ngapi? Kwenye mahojiano ya ukimbizi mara tatu. Kanisani. Kwa watu wa mashirika, kwa wanafunzi waliokuja kuandika vitabu vyao. Mnajua jinsi inavyokuwa, ninyi mliopita pale: unaulizwa ulifanyiwa nini. Mara ya kwanza unasimulia ovyo, unarudi nyuma, unalia. Mara ya tatu simulizi limenyooka kama shati lililopigwa pasi, na kila kitu ambacho hakina kazi ndani yake kimetoka. Wafanyakazi wa mashirika wataniambia kuna kifungu cha 1F kwenye Mkataba wa 1951, kinachowauliza watu waliyoyafanya. Kipo, ila ni cha wahalifu wa kivita na wa makosa mazito. Kijana aliyeshika komeo la mlango usiku hakimhusu, na siombi kimhusu. Siwalaumu waliouliza. Nasema tu kwamba katika kunyoosha simulizi langu nililiachilia daftari, kidogo kidogo, kwa miaka 20, na hakuna aliyenilazimisha. Sikupanga. Lakini nilifaidika.

Na Locke? Bado sijui nimjibu nini juu ya Siku ile Kuu, hilo namwachia Mungu. Ila naona amelitafuta kosa mahali pamoja tu, kichwani mwa aliyelifanya, kama vile likikosekana humo halipo popote. Lile langu lilikuwepo muda wote. Lilikuwa Bukavu, kwenye mkono wa mtu, likivuka Rusizi naye. Lilikuwa kambini kwa dada. Mimi peke yangu ndiye nilitembea mikono mitupu, nikajiona mtu mzuri. Na nilikuwa mtu mzuri, watu wa kanisa watawaambia! Nadhani hapo ndipo kijana wangu na mimi tunaachana. Yeye anaona wema wa Light wa kati unamtoa kwenye kosa. Mimi naona wema ule ulilipiwa na waliobaki wanakumbuka.

Sisemi ningefungua mlango. Ndani kulikuwa na watu tisa, na waliokuwa barabarani walikuwa wanaingia popote palipofunguliwa. Labda kumkatalia ndiyo sababu dada yangu yuko hai na huyu kijana alizaliwa. Ukiniweka tena pale leo, sijui. Lakini swali la kama nilikuwa na sababu ni lingine, na huwezi kulifikia kabla ya kukubali kwamba ulikuwepo.

Swali lililobaki lilikuwa dogo, la mdomo tu: naweza kusema nisamehe kwa jambo nisilolikumbuka, bila kuwa mwongo?

Alikuwa anarudi Musenyi siku ya Alhamisi. Jumatano nikamwomba zamu mwenzangu anishikie lango, nikaenda mpaka Kinama alikofikia. Nilikuta anachambua ndagala kwenye ungo, kwa mkono wenye vidole vitatu, haraka kuliko mimi mwenye vitano. Nikakaa. Nikamwambia: "Mama, nisamehe. Nilikufungia mlango. Mimi mwenyewe sikumbuki, nakuamini wewe."

Hakusema amenisamehe. Alisema: "Kama haukumbuke, nitakuambia. Kaa."

Akaanza mchana wa siku ile, kabla ya risasi, alichokuwa amepika, nani alipita. Alisimulia saa nzima na zaidi. Alikuwa anasimulia vibaya, kama sisi wote mara ya kwanza, anarudi nyuma, anasahau jina, anaanza upya. Nafikiri hakuna aliyewahi kumwuliza usiku ule, kule ameulizwa juu ya 2025 tu. Alipofika kwenye mlango wetu akasema ulikuwa wa bluu. Mimi siku zote nimeuona wa kahawia. Sikumkatiza.

Kijana alinisubiri. Alitaka tuanze kipindi cha 25, akasema hicho ndicho kitaniua kabisa. Nikamwambia asubiri kwanza, ampigie mama yake, nina jambo la kumwambia akiwa anasikia.