Uhuru wa Mwanafunzi katika Sanaa ya Kungfu

Miongoni mwa maswali ambayo wanadamu wamejiuliza tangu kale ni hili: je, mtu anayefuata njia iliyochongwa na waliomtangulia aweza kuitwa mtu huru? Swali hili huulizwa mara nyingi katika siasa na katika dini. Sisi tumeona vyema tulitazame mahali ambapo jibu lake huonekana kwa macho, yaani katika mwili wa mwanafunzi wa kungfu, ile sanaa ya kupigana ya Wachina ambayo vijana wetu wengi waliijua kwanza kwa filamu za Bruce Lee zilizoonyeshwa katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam katika miaka ya 1970.

Mtazamaji wa sinema hudhani kwamba kungfu ni kuruka na kupiga. Mwanafunzi wa kweli huanza kwa jambo la kuchosha zaidi. Hufundishwa mfuatano wa mapigo uliokwisha kupangwa, ambao Wachina huuita taolu: mkao huu, kisha ngumi hii, kisha kinga hii, bila kubadili hata tendo moja. Katika mtindo wa Wing Chun, uliofundishwa na Ip Man mjini Hong Kong tangu mwaka 1950 hivi, mfuatano wa kwanza huitwa Siu Nim Tao. Mwanafunzi akishasimama katika mkao wake, miguu hutulia pale pale hata mwisho, na mikono peke yake hufanya kazi. Ni katika mfuatano wa pili, Chum Kiu, ndipo aanzapo kugeuka na kupiga hatua.

Nini maana ya marudio hayo? Twaweza kusema kwamba kila tendo katika mfuatano ni jibu. Mkono ulioinuliwa mbele ya uso ni jibu la ngumi iliyorushwa zamani. Kiganja kinachosukuma chini ni jibu la pigo lililolenga tumbo. Waulizaji wamekwisha kufa, na majibu yamebaki, yamehifadhiwa ndani ya viungo vya walio hai ili yasipotee. Hii ni hazina, wala si haki kuidharau, kwani ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Hata hivyo hazina hiyo ina upungufu wake. Mwanafunzi huyajua majibu yote, naye hajapata kuulizwa swali hata moja.

Upungufu huo Wachina wenyewe waliutambua mapema. Qi Jiguang, jemadari wa enzi ya Ming aliyepigana na maharamia wa pwani katika karne ya 16, aliandika kitabu cha mafunzo ya askari kiitwacho Jixiao Xinshu, na ndani yake alieleza mikao 32 ya kupigana bila silaha. Lakini jemadari huyo huyo aliwaonya askari wake wajihadhari na mapigo ya madoido, yanayopendeza macho na yasiyofaa kitu vitani.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mwezi Januari mwaka 1954, walimu wawili mashuhuri, Wu Gongyi wa mtindo wa Taijiquan na Chan Hak-fu wa mtindo wa Korongo Mweupe, walipambana huko Macau mbele ya umati mkubwa, kwa nia ya kuwachangia watu walioathiriwa na moto wa Shek Kip Mei mjini Hong Kong. Pambano lilisimamishwa katika raundi ya pili bila ya mshindi kutangazwa. Picha za filamu za siku ile zingalipo, na anayezitazama huona mikono ikirushwa ovyo na miguu ikiyumba. Ule uzuri wa mifuatano yao hauonekani ila kwa nadra. Tusiwacheke. Walikuwa mabingwa, na walithubutu kusimama mbele ya swali wasilolijua.

Wako wanaosema kwamba, ikiwa mambo ni hivyo, mifuatano na itupwe. Bruce Lee, aliyekuwa mwanafunzi wa Ip Man, alifikia karibu na rai hiyo. Mwaka 1967 aliupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do, na alifundisha kwamba mapigo yaliyopangwa humfunga mtu. Rai hii ina ukweli ndani yake, lakini yafaa tukumbuke kwamba mikono iliyoyakataa mapokeo ilikuwa imefunzwa na mapokeo. Mtu asiye na chochote, akiambiwa awe huru, huwa huru kwa nini? Mweke mtu asiyefunzwa mbele ya ngumi, naye atafumba macho, atageuza uso na kurusha mikono. Hakuna aliyempangia matendo hayo. Hata hivyo si matendo ya mtu huru, kwa maana yameamriwa na hofu. Aliyetoka chini ya amri ya mwalimu akaingia chini ya amri ya hofu hajapata uhuru. Amebadili bwana tu.

Basi njia ni ipi? Wing Chun ina zoezi liitwalo chi sao, yaani mikono inayonatana. Wanafunzi wawili husimama wakitazamana, mikono yao imegusana, wakiizungusha kwa utaratibu unaojulikana. Kwanza hutumia mkono mmoja mmoja, kisha yote miwili. Baadaye mmoja huruhusiwa kupenyeza pigo pale aonapo nafasi, na mwenzake hulijibu kwa kuhisi mgandamizo wa ngozi kabla jicho halijaona. Hapo muulizaji amerudi. Swali ni dogo, nalo huulizwa na rafiki. Kadiri siku zinavyopita utaratibu hupunguzwa, hata ifike siku ambapo haupo tena, na wawili hao wanapambana bila kujua litakalofuata. Atakosea, atapigwa, naye atajua kwa nini. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Lakini hapa pana jambo la maadili ambalo mara nyingi husahauliwa. Katika mfuatano, mwanafunzi hupiga hewa, na hewa haiumii. Katika pambano huru, mbele yake yupo mtu mwenye pua na meno, aliyeutoa mwili wake uwe chombo cha mwenziwe kujifunzia. Kwa hiyo anayejua kupiga hajakamilika mpaka ajue kuuzuia mkono wake ukiwa umebakiza inchi moja. Mwenye hasira hawezi kuuzuia. Kwa kadiri tuonavyo sisi, huo ndio uhuru wenyewe: kuweza kutenda, na kuweza kujizuia, kwa ajili ya mwingine.

Jambo hili humhusu mwalimu pia, na kwake ni zito zaidi. Katika mfuatano mwalimu hakosei kamwe, kwani yeye ndiye kipimo. Siku akimruhusu mwanafunzi apambane naye kwa hiari, yawezekana mwanafunzi akamgusa. Wapo walimu ambao kwa kuiogopa siku hiyo huwaweka wanafunzi katika mifuatano maisha yao yote, kisha wakaita jambo hilo heshima kwa wazee. Si heshima. Wazee waliyapanga majibu yale kwa sababu waliulizwa maswali makali, na anayewakinga vijana wasiulizwe huwanyima kile kile kilichowafanya wazee wawe wazee.

Nasi tulio katika shule zetu twalifahamu jambo hili, maana kukariri nako ni mfuatano. Mwanafunzi na akariri kanuni, na aikariri vizuri, kwa kuwa bila hiyo hatakuwa na la kujibia. Kisha na aulizwe swali lisilokuwamo katika daftari lake, mbele ya mwalimu aliye tayari kusikia jibu ambalo hakulitegemea. Akishindwa, atarudi kwenye kanuni yake na kuiona upya, kwa maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Akiweza, mwalimu na afurahi, hata ikiwa pigo lile limempata yeye.