Meza ya Vitabu Mlangoni pa Kanisa

Ibada ya Jumapili inapomalizika katika makanisa mengi ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Jericho hadi Kayole, waumini hutoka na kukuta meza mlangoni. Juu yake kuna Biblia, Tenzi za Rohoni, kalenda za kanisa, na vitabu vyembamba vilivyoandikwa na watu wa mtaani wenyewe: mchungaji, mwalimu wa shule ya Jumapili, mjane aliyepona ugonjwa, kijana aliyeacha pombe. Vingi vimepigwa chapa River Road au Kirinyaga Road, kurasa chache zilizoshikwa kwa gundi, jalada linang'aa. Wenzangu wakiwahi chai, mimi hubaki hapo nikifungua kimoja baada ya kingine. Vitabu hivi navipenda. Vimeandikwa na watu ambao hakuna aliyewaambia kwamba wana haki ya kuandika, na wakaandika. Kwa kuwa navipenda, nina neno la kusema juu yake.

Ushuhuda wa kanisani una mwendo wake. Mtu husimama na kusema aliugua, aliombewa, akapona, Bwana asifiwe. Mbele ya watu wanaomjua, dakika tatu zinatosha. Wanaomsikiliza walimtembelea akiwa kitandani, walichanga pesa za hospitali kwa M-Pesa, waliwalaza watoto wake. Akisema tu kwamba hali ilikuwa ngumu, wao wanajua ugumu huo ulikuwa wa kiasi gani, na kila alichokiacha wanakijaza wenyewe. Msomaji hana hilo. Yuko Dandora, au Mombasa, au atazaliwa miaka 20 ijayo. Hakuwepo. Ushuhuda uleule ukiwekwa kitabuni jinsi ulivyosemwa madhabahuni, yeye anapewa mwanzo na mwisho, na katikati pakavu. Na katikati ndiko watu wengi wa mitaa hii wanakoishi: wameomba tayari, jibu halijaja, kodi ya nyumba inadaiwa tarehe tano.

Nikiulizwa mwandishi Mkristo wa Eastlands ajifunze kwa nani, jibu langu ni Marjorie Oludhe Macgoye. Alizaliwa Southampton, Uingereza, mwaka 1928, akaletwa Nairobi mwaka 1954 na Church Missionary Society, na kazi aliyotumwa kuifanya ilikuwa kuuza vitabu. Naona jambo hilo lina uzito zaidi kuliko tunavyodhani. Kabla hajaandika riwaya hata moja, alikuwa amesimama nyuma ya kaunta akiona mtu mwenye shilingi chache anachukua kitabu gani, anakirudisha kipi, anauliza nini. Mwaka 1960 aliolewa na Macgoye, tabibu kutoka Nyanza, na baada ya uhuru akawa raia wa Kenya. Katika miaka ya sabini alisimamia duka la vitabu la S. J. Moore katikati ya jiji, na waandishi walikuwa wakikutana hapo kusomeana kazi zao. Alifariki Desemba 2015, na watoto wetu bado wanalikariri shairi lake kuhusu Atieno, mtoto anayefanya kazi za nyumbani kwa jamaa zake, bila hata kujua aliyelitunga.

Riwaya yake Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986 na kushinda Tuzo ya Sinclair, inaanza mwaka 1956, wakati wa hali ya hatari ya serikali ya kikoloni. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka kwenye gari la moshi kumfuata mumewe Martin, ambaye ana chumba Pumwani. Siku chache tu na mimba inaharibika. Akitoka hospitalini anapotea njia katika jiji asilolijua, na mume naye anampokea kwa makofi. Baadaye Paulina atapata mtoto wa kiume, na mtoto huyo atauawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969, siku Rais alipozuru mji huo na umati ukapigwa risasi. Macgoye alikuwa Mkristo wa dhati, wala hakuficha. Miaka kumi baadaye angechapisha na kampuni ya Uzima kitabu kizima cha maoni yake kuhusu maadili ya nchi hii. Lakini mtoto anapokufa riwayani, hamleti mhubiri aje kutueleza maana yake. Anamwacha Paulina aendelee kuishi, afue, apike, afanye kazi, azeeke kidogo. Kanisa limo kitabuni kama lilivyomo mtaani: kuna watu wanaokwenda, kuna nyimbo, kuna msaada wa hapa na pale. Imani ya mwandishi mwenyewe naiona katika subira aliyo nayo kwa mwanamke huyu ambaye hakuna gazeti lingemwandika.

Wapo wanaoniambia kwamba kitabu cha namna hiyo si cha Kikristo, kwa sababu hakina wito wa kuokoka mwishoni. Sikubaliani nao, na nasema hivyo kwa heshima. Dkt. Margaret Ogola, daktari wa watoto na Mkatoliki aliyewahudumia mayatima wenye virusi vya Ukimwi katika kituo cha Cottolengo, aliandika The River and the Source mwaka 1994. Kitabu hicho kikasomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari, wa kila dini. Ndani yake mwanamke aitwaye Nyabera anaitafuta imani mpya baada ya kuzika watoto na mume, na Ogola hapunguzi hesabu ya makaburi ili imani ionekane rahisi. Msomaji Mwislamu wa Majengo anaweza kumwamini mwandishi kama huyo. Anaona hajadanganywa.

Katika kikundi chetu cha waandishi, kinachokutana Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa kanisa moja upande wa Buruburu, yumo mama mmoja wa Kayole. Kitinda mimba wake alipigwa risasi na polisi. Mswada aliotuletea ulikuwa na sura ya msiba, na katika nusu ukurasa ilikuwa imetoka kwenye habari za kifo hadi kwenye faraja ya Mungu. Tulikaa kimya kidogo, kisha kijana mmoja akamuuliza, "Mama, nani alikuletea habari?" Akasema ni mtu wa bodaboda, na kwamba alikataa kuingia ndani, akawa anazungumza huku anaitazama tairi ya pikipiki yake. Tukamuuliza nani alimsindikiza mochari ya City. Ni jirani wa ng'ambo ya korido, Mwislamu, aliyefunga kibanda chake cha mboga siku mbili nzima. Tukamuuliza kuhusu kwaya, maana sote tunajua anaimba. Akatuambia kwamba kwa miezi mingi alisimama na wenzake wa sauti ya kwanza, sare imepigwa pasi, mdomo umefungwa, na hakuna aliyemwambia atoke. Hakuna hata moja la haya lililokuwa kwenye mswada. Alidhani ni mambo madogo, na kwamba kitabu cha Kikristo kinataka mambo makubwa.

Alipoyaandika, ile faraja ya nusu ukurasa ilibaki, lakini sasa ilikuja baada ya kurasa nyingi, na iliposomwa kwa sauti mzee mmoja ambaye huwa hasemi sana alitoa miwani akaifuta.

Kuna jambo linalorudi kila mara katika vikao vyetu. Mtu akiombwa abadilishe sentensi, husema kwamba maneno hayo alipewa na Roho na hawezi kuyagusa. Sitaki kulibeza hilo, kwa sababu nami naamini mtu hupewa. Ila Maandiko yenyewe yanatuonyesha kazi ya mikono. Luka anaanza injili yake kwa kueleza kwamba alichunguza habari zote kwa makini ndipo akaziandika kwa taratibu. Paulo alikuwa na Tertio wa kumwandikia waraka kwa Warumi. Katika Yeremia 36, mfalme Yehoyakimu analikata gombo la maneno ya nabii kwa kisu na kulitupa motoni kipande kwa kipande. Nabii anachukua gombo jingine, karani wake Baruku anaandika tena, na tunaambiwa maneno mengi yaliongezwa. Neno la Bwana liliandikwa mara ya pili, tena kwa urefu zaidi! Mwandishi anayemkatalia mhariri kwa jina la Roho na aisome sura hiyo polepole.

Mhariri ndiye mtu tunayemkosa zaidi Eastlands. Mwenye mtambo wa River Road atapiga chapa chochote ulicholipia. Si kazi yake kukuambia kwamba sura ya tatu imerudia ya kwanza, au kwamba umetaja Kaloleni mahali ulipokusudia Makongeni. Kampuni zenye wahariri zipo, na baadhi yake zilianzishwa na makanisa: Evangel, iliyoanzia Nyang'ori mwaka 1952 na sasa iko upande wa Thika Road, Uzima ya Waanglikana, Paulines ya masista wa Mtakatifu Paulo, iliyochapisha Place of Destiny ya Ogola mwaka 2005. Ukipeleka mswada utasubiri, na huenda ukarudishiwa. Soko la vitabu nchini limeegemea shule, na tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni yenyewe, kwa hiyo kampuni nyingi huogopa kuweka pesa kwenye kitabu ambacho hakitasomwa darasani. Nalielewa hilo. Hata hivyo mwandishi asubiri, walau mara moja katika maisha yake, ili asomwe na mtu asiyemjua wala kumpenda.

Tulikuwa na shule nzuri zaidi zamani. Katika miaka ya sitini yalianzishwa Nairobi magazeti mawili ya Kikristo, Target kwa Kiingereza na Lengo kwa Kiswahili. Henry Okullu alihariri Target kabla ya kuwa askofu wa Maseno South mwaka 1974, na mwaka huohuo Uzima ikachapisha kitabu chake Church and Politics in East Africa. Gazeti lilimfundisha mambo ambayo mimbari haimfundishi mtu kwa urahisi: idadi ya maneno, tarehe ya mwisho, barua ya msomaji aliyekasirika. Baraza la makanisa, NCCK, nalo lilikuwa na jarida la Beyond. Jarida hilo lilipoandika juu ya wizi wa kura za mlolongo mwaka 1988, watu walipopiga kura kwa kupanga foleni, lilipigwa marufuku, na mhariri wake Bedan Mbugua akafungwa jela. Waandishi Wakristo walikuwa wakipimwa kwa jambo moja: je, kilichoandikwa kilitokea? Ningependa kipimo hicho kirudi, hata kwa kijitabu cha kurasa 60 kuhusu ndoa.

Kuhusu taratibu za uchapishaji, mambo si magumu jinsi yanavyosimuliwa. Nambari ya kitabu, ISBN, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Hakimiliki husajiliwa Kecobo, bodi ya hakimiliki, na kwa sheria ya Kenya kazi ni yako maisha yako yote, kisha ya warithi wako miaka 50 baada ya kifo chako, hivyo usitie sahihi karatasi ya mtu anayeitaka yote milele kwa bahasha moja. Bei ndiyo hunisumbua. Tangu 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16, karatasi ni ghali, na msomaji tunayemwandikia analinganisha bei ya kitabu na unga. Kwa sababu hiyo huwaomba wenzangu, kila mara wanapopiga chapa, watenge nakala za maktaba. Kaloleni na Makadara tuna maktaba mbili za umma ambazo shirika la Book Bunk limezikarabati, na mtoto wa mtaa wa Jerusalem anaweza kuingia humo akakuta hadithi ya mtaa wake.

Mswada wa mama wa Kayole sasa umefikia mahali ambapo hatukubaliani. Katika sura ya mazishi ameandika kwamba mchungaji wake hakuja, kwa sababu kijana alisemekana kuwa mwizi. Mzee yuleyule aliyefuta miwani anataka sehemu hiyo iondolewe. "Mama, tutaliaibisha kanisa," alimwambia. Naye akajibu, "Mzee wetu, sikumwandika ili ashtakiwe. Nilimtafuta kaburini pale nikamkosa, na mimi nasimulia siku ile." Mimi nilisema sehemu hiyo ibaki, jina la mchungaji lisitajwe, na kwanza mama ampelekee kurasa hizo azisome. Mathayo 18 inataka umwendee ndugu yako nyinyi wawili peke yenu kabla ya kulitangaza jambo, na mhariri yeyote mwadilifu atakudai vivyo hivyo: anayesemwa vibaya apewe nafasi ya kujibu kabla ya chapa. Inawezekana ana jambo la kueleza ambalo mama halijui. Inawezekana hana. Lolote atakalosema litaingia kitabuni kwa maneno yake mwenyewe. Mama amekubali kwenda, ameomba mmoja wetu amsindikize hadi getini, na mswada hautapelekwa River Road kabla hajarudi.