Faida Kwao, Dhima Kwetu

Marehemu baba alisomesha Minhaj, kitabu cha fiqhi cha Imam Nawawi, barazani kwetu Unguja, baada ya sala ya Alasiri, na sisi wanawe wa kike tulifuata darsa tukiwa ndani, karibu na dirisha. Mlango ulionichosha kuliko yote ulikuwa wa kuhuisha ardhi iliyokufa: kisima ni cha nani, machimbo ni ya nani. Leo naishi Leicester, kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na tangu baridi ya 2022 huo ndio mlango ninaourejea zaidi.

Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, anayagawa madini mafungu mawili. La kwanza ni yale ya dhahiri, yanayotoka bila kazi kubwa, na katika mifano yake anataja salfa, lami na naftu, ndiyo mafuta ya ardhini. Haya hayamilikiwi. Mtu hawezi kuyazungushia ua, wala mtawala hana ruhusa ya kumkatia mmoja peke yake. Yakiwa hayatoshi, aliyetangulia kufika huchota kadiri ya haja yake. Akitaka kuzidisha, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba huondoshwa apishe wengine. Asili ya hukumu hii ni kisa cha Abyadh bin Hammal, aliyemwomba Mtume (S.A.W.) machimbo ya chumvi ya Ma'rib, huko Yemen, naye akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja akamweleza Mtume kwamba alichokitoa ni kama maji yasiyokauka. Mtume akayatwaa tena. Baba akifika hapa alikuwa akinyamaza, awaache wanafunzi wafikiri: zawadi ilikwisha kutolewa, tena na mwaminifu kuliko waaminifu wote, na bado haki ya watu wote ilitangulia.

Iko pia hadithi mashuhuri inayowafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Moto huo ndio unaozimika katika nyumba ninazoingia. Wazee wengi wana mita ya kulipia kabla, na ndugu zangu wa Zanzibar wanaotumia mita za TUKUZA wataielewa upesi: unakwenda dukani na ufunguo wa plastiki, unatia pauni kumi, unarudi kuuchomeka. Kuna na ada ya kila siku. Hata usipowasha kitu mita inahesabu, peni arobaini na kitu kwa umeme na karibu thelathini kwa gesi wakati ule. Bibi mmoja ninayemhudumia hakugusa gesi kiangazi chote ili abane matumizi. Baridi ilipoingia, pesa ya kwanza aliyotia ilimezwa na deni la siku alizokaa bila kuitumia. Aliniuliza anadaiwa kwa kosa gani. Swali lake lilikuwa la haki. Kwenye bili mna jibu la hesabu tu.

Na hesabu zenyewe ni hizi. Oktoba 2021, kikomo kilichowekwa na Ofgem, mamlaka inayosimamia nishati, kilikuwa pauni 1,277 kwa mwaka kwa nyumba ya matumizi ya wastani. Aprili 2022 kikafika 1,971. Urusi ilikuwa imekwisha kuivamia Ukraine, na kwa Oktoba ikatangazwa 3,549, ndipo serikali ikaingilia kati na kukizuia kwenye 2,500 kwa fedha za umma. Mwaka huohuo Shell ilipata faida ya dola bilioni 39.9, kubwa kuliko zote katika historia yake. BP ilipata bilioni 27.7. Visima vya Bahari ya Kaskazini vilikuwa vilevile, mabomba yaleyale, wafanyakazi walewale. Kilichobadilika ni vita ya watu wengine. Hata umeme wa upepo, usiochoma gesi hata kidogo, ulipanda sokoni, kwa sababu bei ya umeme nchini humu mara nyingi hufuata mtambo wa mwisho kuwashwa, na mtambo huo kwa kawaida ni wa gesi.

Mpwa wangu amesomea uchumi na hanionei haya. "Mama mdogo," aliniambia, "mwaka 2020 Shell walipata hasara ya dola bilioni 21.7, BP bilioni 20.3. Mbona hukuwalilia? Na faida yao nyingi wanaipata nje ya Uingereza. Halafu anayekuuzia gesi nyumbani siye aliyeichimba."

Yote aliyosema ni kweli, na ndiyo maana nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu badala ya kukasirika tu. Tuanze na hasara. Mafakihi wana kanuni waliyoitoa kwenye hadithi ya Bibi Aisha, kwamba mapato hufuata dhima: anayebeba hatari ya kitu kuharibika ndiye mwenye haki ya kula matunda yake. Kwa kanuni hiyo, mwenye hisa aliyevumilia 2020 ana hoja mbele ya 2022, nami siikatai. Lakini tazama dhima iliangukia wapi safari hii. Kampuni za kuuza gesi na umeme majumbani, karibu 30, zilifilisika kuanzia 2021, nyingi zikiwa zimewaahidi wateja bei ambayo hazikujikinga nayo. Gharama za kuwahamisha wateja wao zikatandazwa juu ya bili za watu wote, kupitia ada ileile ya kila siku. Kikomo cha 2,500 nacho kililipwa kwa deni la serikali, yaani na sisi na watoto wetu. Huku Shell ikawagawia wenye hisa wake dola bilioni 26 kwa mwaka mmoja. Hatari ilibebwa na bibi mwenye ufunguo wa plastiki. Matunda hakuyaona.

Mpwa wangu akaja na hoja nzito zaidi, ya dini. Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume aziwekee kiwango, akakataa, akasema Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kupanga bei, naye hataki kukutana na Mola wake akiwa na dhuluma ya mtu. Madhehebu yetu ya Shafi yameishika hadithi hii kwa nguvu. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, aliruhusu bei kupangwa pale wauzaji wanapozuia kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila hicho, na mimi moyo wangu unaelekea kwake. Hata hivyo sihitaji kuyahama madhehebu ya baba. Hadithi ya bei inamlinda mtu anayeuza mali yake. Kwanza tuulize mali ni ya nani.

Kweli gesi ya Bahari ya Kaskazini haichuruziki juu ya ardhi. Inataka mitambo na watu wanaohatarisha maisha baharini. Hilo ndilo fungu la pili la Nawawi, madini yaliyofichika, kama dhahabu na chuma. Na hapo pia kauli aliyoipa nguvu ni kwamba kuchimba na kufanya kazi hakumpi mtu umiliki wa machimbo. Kazi ina haki yake, na haki hiyo ilipwe kwa ukarimu. Sheria ya Uingereza yenyewe ya mwaka 1934 iliyaweka mafuta na gesi ya chini ya ardhi mikononi mwa Taji, ikafuatwa na ya 1964 kwa upande wa bahari. Kampuni zina leseni. Kwa hiyo serikali ilipoweka kodi ya ziada ya asilimia 25 mwezi Mei 2022, ikaipandisha hadi 35 na baadaye 38, ilikuwa inaomba sehemu ya kilicho chake tayari. Tena iliomba kwa woga: aliyewekeza visima vipya alipunguziwa sana, na Oktoba 2022 Shell ikasema bado haijalipa chochote cha kodi hiyo. Norway imekuwa ikichukua asilimia 78 kwa miaka mingi na kuiweka akiba ya taifa, na kampuni hazikukimbia.

Jambo linalonisumbua zaidi liko kwenye hati yangu ya mshahara. Kila mwezi hukatwa pesa ya pensheni, na mfuko wa kawaida wa pensheni nchini humu hununua hisa za kampuni kubwa, zikiwemo hizohizo. Nikauliza habari za mfuko wa Kiislamu. Wenye mifuko hiyo huchuja riba, pombe, nguruwe na kamari. Mafuta na gesi kwa kawaida hupita. Ikiwa moto ni wa watu wote, basi katika akiba yangu ya uzeeni imo sehemu ya bibi yule, na kibali cha wanazuoni hakijaniondolea wasiwasi huo.

Nimewaandikia wasimamizi wa mfuko, nikawawekea na ukurasa wa Minhaj, nikiomba bodi yao ya masheikh itoe fatwa juu ya faida iliyoletwa na uhaba ambao mwenye kampuni hakuufanyia kazi. Wakati nasubiri, nimekisia fungu hilo na kila mwezi nalitia katika sanduku la jumuiya yetu linalowalipia watu mita, Muislamu na asiye Muislamu. Nia ninayoiweka wakati wa kutia ni ya kurudisha amana.