Kosa na Mkosaji

Kuna swali linalowahusu wazazi, walimu, waajiri na wote wenye mamlaka juu ya wenzao: je, mtu aliyehukumu vibaya kwa kutojua ana hatia? Zamani nilidhani hana. Injini ya boti ndiyo iliyonibadilisha mawazo.

Mwaka 1993, nikiwa mwalimu mjini Morogoro, nilikuwa na boti ndogo kwenye mto Kilombero, karibu na Ifakara, ikibeba samaki na abiria. Injini yake ilikuwa kuukuu, ya nguvu za farasi 15, ya aina ile inayochanganyiwa oili ndani ya petroli. Nahodha alikuwa kijana wa huko huko. Mimi nilikwenda mara moja kwa mwezi, na mwenye mali aliye mbali na mali yake huwa na dhana nyingi. Nikaona petroli inakwisha upesi. Nikamwagiza kijana aikaze kabisa ile skrubu ndogo ya hewa juu ya mfuniko wa tangi, asiilegeze kamwe, ili petroli isipotee kwa mvuke wala kwa kumwagika.

Baada ya hapo injini ikaanza kusumbua. Iliwaka vizuri, ikaenda dakika kumi, kisha ikalegea na kuzima katikati ya mto. Ikipumzishwa, huwaka tena. Kijana aliniambia, "Mwalimu, mashine inakosa pumzi." Mimi nikasikia kisingizio. Niliamini kwamba anauza petroli na kufidia kwa mafuta ya taa. Nikamwita mwizi mbele ya watu pale kivukoni, nikamfukuza. Siku hiyo hiyo nikabadili plagi, nikasafisha kabureta, nikatia petroli mpya. Nilipoijaribu kwa dakika chache, ikanguruma vizuri. Nikajipongeza.

Wiki mbili baadaye nahodha mpya naye akakwama mtoni. Nikaipakia injini pamoja na tangi lake kwenye lori hadi Morogoro, kwa fundi mmoja mzee, Mluguru wa Matombo. Akaifunga kwenye pipa la maji, akaiwasha, akaketi. Nilimtajia vitu vyote vya kubadili. Akasema, "Mwalimu, ukibadili vitu vinne kwa mpigo ikapona, utajuaje kipi kilikuwa kibovu? Tuguse kimoja, tungoje." Ilipoanza kulegea, hakuigusa injini. Alishika kile kipira cha kusukumia petroli, kilikuwa kimenywea. Akalegeza skrubu ya mfuniko. Tangi likavuta hewa kwa mlio, na injini ikarudisha nguvu. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, petroli nayo hukwama. Ubovu ulikuwa amri yangu mwenyewe.

Nilicheka kwa aibu. Fundi hakucheka. Alinielekezea milima ya Uluguru iliyokuwa mbele yetu, akanisimulia mambo ya utoto wake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Mahali pengi ngazi zile zilifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na rutuba. Wakulima walipolalamika, walionekana wavivu na wakaidi. Mwaka 1955 zikatokea ghasia Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. "Walitafuta wakaidi," alisema fundi, "udongo hawakuutazama."

Nimelitafakari neno lile miaka mingi. Kutojua habari za tangi halikuwa kosa langu, sikuwa fundi. Hatia yangu ilikuwa kumtaka mkosaji kabla sijalijua kosa. Anayechunguza kosa hana budi kukubali kwamba huenda uchunguzi ukamfikia yeye mwenyewe. Anayetafuta mkosaji hutazama wengine tu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Tena nilibadili mtu na plagi siku moja, na injini ilipowaka nikaufanya mlio wake kuwa ushahidi dhidi ya mtu. Hata shuleni tumewahi kumhamisha mtoto mmoja, darasa likatulia juma zima, nasi tukasema, "Si mnaona?" Hatukuona lolote.

Nilirudi Ifakara kumtafuta yule kijana. Nilimkuta akilima kibarua, kwa maana hakuna mwenye boti aliyetaka tena kumwajiri. Nikamwomba radhi nyumbani kwao, nikamwahidi kazi yake. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Nimekusamehe, mwalimu. Lakini mwizi uliniita kivukoni."

Nilifahamu anachotaka, na naungama kwamba nililala usiku ule nikitafuta njia ya kukikwepa. Asubuhi, siku ya soko, wakati watu wamejaa, nilisimama pale pale nikalegeza ile skrubu mbele yao, nikaeleza ni nani aliyeamuru ikazwe.