Tusimtetee Mungu kwa Uongo



Jumapili mbili zilizopita, katika darasa la vijana, niliongea na ujasiri mwingi. Nilisema, "Kama kweli viumbe walitoka majini wakaja nchi kavu, mbona hakuna hata mmoja aliye katikati? Nionyesheni!" Vijana wakapiga makofi. Nikajiona nimeshinda.

Baada ya ibada, dada mmoja anayesoma chuoni akanijia. "Pasta, kwetu ni kando ya Ziwa Victoria. Na kamongo je?"

Sikuwa na jibu. Kamongo ni samaki, lakini ana mapafu. Lazima apande juu kuvuta hewa. Ukimzuia chini ya maji, anakufa. Maji yakikauka anaweza kujichimbia matopeni angoje mvua. Nimemla mara nyingi na sikuwahi kujiuliza.

Nikaenda kusoma. Kumbe mwaka wa 2004, katika kisiwa cha Ellesmere huko Kanada, Neil Shubin na wenzake walipata mabaki ya samaki waliyemwita Tiktaalik. Ana magamba na mapezi, lakini pia ana shingo, na ndani ya mapezi mna mifupa inayofanana na ya mkono. Tena hawakubahatisha. Walitafuta kwenye miamba ya miaka kama milioni 375 kwa sababu walitarajia kiumbe wa namna hiyo awe hapo. Kwa hivyo nilichowaambia vijana hakikuwa kweli.

Nilisomea biashara, na huko tulifundishwa hivi: mkaguzi akipata risiti moja ya uongo, haishii kwa hiyo risiti. Anarudia vitabu vyote. Ndivyo yule dada alivyoniambia: "Pasta, kama hukuangalia habari ya samaki, nitajuaje uliangalia habari ya kaburi tupu?"

Hilo neno lilininyima usingizi.

Mtu atauliza, "Pasta, umeanza kuamini mageuko ya viumbe?" Naamini Mungu ndiye Muumba. Alitumia muda gani na njia gani, waaminio wenyewe hawajakubaliana, na mimi bado najifunza. Lakini amri ya kutoshuhudia uongo haina ruhusa maalum kwa wanaomtetea Mungu. Soma Ayubu 13 uone vile Ayubu aliwakemea rafiki zake kwa jambo hilo hilo. Mungu wa kweli hahitaji wakili mwongo.

Jumapili iliyopita nilisimama mbele ya vijana nikasema, "Nilikosea." Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Lakini yule dada alikuwa ameketi mbele, na alikuja na maswali mengine matatu.

Mzazi, mwalimu wa Sunday school, wiki hii mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Kisha mtafute jibu pamoja.

Amina.