Ukoo Wako Si Mnyororo



Vijana wenzangu, leo tutafakari Yoh 8:31-36. Yesu anawaambia Wayahudi waliomwamini kwamba wakidumu katika neno lake wataijua kweli, nayo itawaweka huru. Wao wanashangaa: huru tena? Sisi ni uzao wa Abrahamu, hatujawahi kuwa watumwa wa mtu!

Hebu ona. Misri je? Babeli je? Na siku hiyohiyo wanayoongea, wako chini ya utawala wa Roma. Historia ya ukoo wamebakiza upande mtamu tu. Kumbe Yesu anasema juu ya utumwa wa dhambi, ambao jina la babu haliwezi kuufungua.

Nasi tuko hivyohivyo. Kuna anayejivuna: "Kwetu ni Wakatoliki tangu enzi, babu alikuwa katekista." Lakini yeye mwenyewe mara ya mwisho kuungama ni alipopata Kipaimara! Na kuna anayeogopa: "Kwetu wasichana hawaolewi, wanaume wote walevi. Ni laana ya ukoo." Anazunguka kwa huyu na yule, anatoa hela ili akatiwe minyororo, na anarudi na hofu ileile.

Ndugu yangu, soma Ezekieli sura ya 18. Mwana habebi uovu wa baba yake. Ni kweli, ulevi wa baba unaweza kukuachia madeni, vidonda vya moyo, hata mazoea mabaya. Hayo yanataka sala, ushauri, marafiki wema na muda. Lakini hatia yake hukuirithi.

Mtazame Mt. Yosefina Bakhita wa Sudan. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, akateseka hadi akasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita", yaani mwenye bahati, ni jina alilopewa na watekaji. Mwaka 1889 mahakama ya Venezia, Italia, ilitamka kwamba yuko huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Baadaye alikuwa akikibusu kisima cha ubatizo na kusema kwamba hapo ndipo alipofanyika binti wa Mungu. Jina la kwao lilikuwa limepotea, ila Baba alikuwa amempata.

Basi, tuukane ukoo? Hapana! Mathayo anapoandika ukoo wa Yesu hamfichi Tamari, Rahabu, wala mke wa Uria. Wiki hii kaa na bibi au shangazi, akusimulie habari za kwenu, tamu na chungu. Mshukuru Mungu kwa mema, waombee marehemu wenu katika Misa, kisha nenda kwenye Kitubio na dhambi zako mwenyewe.

Tusali: Ee Bwana Yesu, Mwana uwekaye huru kwelikweli, tuponye majivuno na hofu ya ukoo. Utufanye wana nyumbani mwa Baba. Amina.

Mt. Yosefina Bakhita, utuombee.