Nani Shahidi wa Hati Iliyotungwa na Seva?

Hati nyingi zinazopakuliwa leo kutoka tovuti za ofisi, ziwe vyeti, stakabadhi au barua, hazikuandikwa na karani. Skripti iliyo kwenye seva imechota jina na tarehe kutoka hifadhidata, ikavipanga juu ya kiolezo, ikabandika picha ya mhuri na ya saini, kisha ikatoa faili la PDF. Afisa ambaye saini yake inaonekana pale chini pengine hajui hata kwamba hati hiyo ipo. Je, mtu anaweza kushuhudia jambo ambalo hakulishuhudia? Ninavyoona mimi, uhalali wa hati haukai ndani ya ukurasa. Unakaa kwa mtu aliye tayari kuulizwa juu yake. Programu haikuubadilisha ukweli huo. Imetunyima tu nafasi ya kuendelea kuusahau.

Tuanze na faili lenyewe. Kampuni ya Adobe ilitoa PDF mwaka 1993 kwa lengo moja kubwa: ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Mwaka 2008 muundo huo ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Kwa kuwa sura yake haitikisiki, watu wameuzoea kama karatasi, na wakaupa heshima ya karatasi. Lakini ndani yake mna maagizo tu: weka herufi hii mahali hapa, chora mstari pale, kwenye uwanja wa A4 wenye upana wa pointi 595 na urefu wa pointi 842. Anayeandika skripti kwa lugha ya PHP anaweza kutumia maktaba ya FPDF kutunga kurasa mpya, na FPDI kuchukua kurasa za faili lililokwisha kuwepo. FPDI hailihariri faili la zamani. Inauchukua ukurasa kama kiolezo, inaupachika katika faili jipya, na hapo mtungaji anaandika juu yake anachotaka. Ikiwa faili la zamani lilikuwa na saini ya kidijitali, saini hiyo haihamii kwenye faili jipya. Jicho halitaona tofauti yoyote, kwa maana sura imesafiri nzima ilhali ushuhuda umebaki nyuma.

Kinyume chake pia hutokea: kilichofichwa machoni kinaweza kuwemo bado. Januari 2019, mawakili wa mshauri wa siasa Paul Manafort nchini Marekani waliwasilisha mahakamani hati yenye sehemu zilizozibwa kwa weusi. Maneno yaliyozibwa yalikuwa bado yamo, na waandishi wa habari waliyanakili na kuyasoma. Basi macho hayatoshi kuthibitisha kilichomo, wala hayatoshi kuthibitisha kisichokuwemo.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilikabili swali la namna hii zamani. Matini yenye maneno mazuri haikuwatosha. Waliuliza imepokewa na nani, kutoka kwa nani, na kama wapokezi hao walikuwa wakweli wenye kumbukumbu imara. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakuridhika kwamba wapokezi wawili waliishi zama moja. Alitaka ithibiti kwamba walikutana. Kwa kipimo hicho, picha ya saini inayobandikwa na skripti kwenye maelfu ya vyeti ni mpokezi ambaye hakukutana na habari anayoisimulia. Jina lipo, mkutano haupo.

Mhandisi atapinga kwamba tiba imeshapatikana: saini halisi ya kidijitali, inayojengwa kwa hesabu, hufichua hata baiti moja iliyobadilishwa. Ni kweli, na ofisi isiyoitumia inafanya uzembe. Hata hivyo saini hiyo inathibitisha mambo mawili tu, kwamba ufunguo fulani ulitumika na kwamba baiti zilizosainiwa hazijaguswa. Haisemi kama jina lililotoka hifadhidata ni la mtu aliyefaulu kweli. Seva yenye ufunguo itasaini uongo kwa utiifu uleule inaosaini nao ukweli. Isitoshe, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, walionyesha kwamba programu 21 kati ya 22 za kusomea PDF walizozijaribu zingeweza kudanganywa ziione saini kuwa halali ilhali yaliyomo yamebadilishwa. Hesabu zenyewe hazikuvunjwa. Programu zilizopewa kazi ya kuzikagua ndizo zilizohadaika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama kila hati inahitaji shahidi aliyekutana nayo, ofisi itawahudumiaje watu milioni? Na mwananchi mwenye nakala yake ya kuchapwa atamtafuta wapi shahidi huyo? Nakiri kwamba afisa hawezi kusoma kila cheti. Anachoweza kukutana nacho ni kanuni: ajue skripti inachota taarifa wapi, kiolezo kimeidhinishwa na nani, nani ana ruhusa ya kubadilisha rekodi, na daftari la kila hati iliyotolewa linatunzwa wapi. Akiyajua hayo na kuyakubali kwa jina lake, ameshuhudia kwa namna inayowezekana. Mzigo wa kuthibitisha nao uwe wa ofisi, kwa kuwa ndiyo yenye daftari. Mwananchi apewe namba ya kuulizia na ajibiwe. Sheria ya Tanzania ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaelekea huko: mahakama inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, hutazama jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa hiyo ofisi inayojitetea kwa kusema “ni mfumo uliotoa” haijajibu swali, maana mfumo hauwezi kuapa. Kila hati inayotoka kwenye seva iwe na mtu anayeweza kuitwa na kuulizwa, na kama hayupo, hati hiyo isitolewe.